Jina la mwajiri limejitokeza kwenye kesi ya SNAP (msaada wa chakula wa serikali ya Marekani): namna ya kulihakiki kabla hujagusa msaada wa mtu

Umefungua kesi, na kompyuta inakuonyesha kwamba mama huyu ana mwajiri ambaye hakumtaja kwenye fomu. Usifunge kesi wala usipunguze chochote bado. Ulichopata ni sababu ya kuuliza tu. Kanuni za shirikisho za SNAP zinasema hivyo hivyo: habari ya mshahara iliyotokana na ulinganishaji wa data (kompyuta kulinganisha wateja na rekodi za ajira) lazima ihakikiwe kwa njia nyingine kabla kaya haijakatwa msaada.

Nawaandikia wenzangu wa Kiswahili mlio kwenye ofisi za msaada wa chakula hapa Marekani, pamoja na wakalimani mnaokaa na wateja mezani.

Hatua ya 1: Jua habari imetoka wapi

Daftari la taifa la walioajiriwa karibuni lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, hasa kwa ajili ya kuwatafuta wazazi wasiotoa matunzo ya watoto. Sheria ya kilimo ya 2014 ndiyo iliyoyataka majimbo yalitumie pia wakati wa kuidhinisha kesi za SNAP. Mwajiri ana siku 20 za kumripoti mtu mpya. Ripoti hiyo ina jina, anwani, namba ya soshali (Social Security), mwajiri na tarehe ya kuanza. Mshahara haumo, wala saa za kazi, na haikuambii kama mtu bado yupo kazini au aliacha baada ya wiki moja.

Chanzo cha pili, mishahara ya robo mwaka, kina kasoro ya kuchelewa. Waajiri huiripoti kwa jimbo kwa ajili ya bima ya ukosefu wa kazi, na kwa kawaida ile ya Januari hadi Machi hufika mwishoni mwa Aprili. Ukiisoma Mei, huenda unasoma pesa iliyokwisha kuliwa Januari. Kuigawa kwa tatu na kuiita kipato cha sasa ni kosa, na nimeona kesi zikiharibika hapo.

The Work Number, hifadhi ya rekodi za ajira na mishahara ya kampuni ya Equifax, huonyesha malipo moja moja, mara nyingi hadi ya juzi. Ila si kila mwajiri yumo.

Hatua ya 2: Hakikisha ni mtu yuleyule

Linganisha namba ya soshali, majina na tarehe ya kuzaliwa. Kwa watu wetu tarehe peke yake haitoshi, kwa kuwa wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari. Majina nayo huhama: Mkongomani mwenye majina matatu anaweza kuwa na jina la ukoo moja kwenye kadi ya soshali na jingine kwenye karatasi za kazi. Angalia pia kama aliyetajwa ni mtoto. Kipato cha mwanafunzi wa miaka 17 au chini anayeishi na wazazi hakihesabiwi.

Hatua ya 3: Soma faili kabla ya kupiga simu

Tafuta hapa ejensi za ajira. Mteja anakwambia anafanya kazi kiwanda cha kuku; kompyuta inataja kampuni nyingine kabisa, kwa sababu anayemlipa ni ejensi. Kazi ni moja, na pengine hati zake za malipo tayari zimo kwenye faili. Ukizihesabu kama kazi mbili, umeinyima familia chakula.

Angalia tena kama alitakiwa kuripoti. Kaya nyingi ziko kwenye utaratibu mwepesi wa kuripoti: katikati ya kipindi walichoidhinishiwa msaada zinalazimika kusema pale kipato kabla ya makato kinapovuka asilimia 130 ya kiwango cha umaskini. Aliyeanza kazi mwezi uliopita bila kukwambia huenda hakuvunja kanuni yoyote.

Hatua ya 4: Muulize kwa heshima, kwa lugha anayoielewa

Mwanzoni mwa kazi yangu nilituma barua ya Kiingereza kwa mama mmoja kuhusu kazi ya ghalani. Hakujibu, msaada ukafungwa. Alipokuja ofisini na barua mkononi, haijasomwa, nikajua kazi ile aliiacha miezi miwili kabla. Tangu siku ile napiga simu kwanza.

Sema hivi: “Shikamoo mama. Kuna kampuni imeleta jina lako. Uliwahi kufanya kazi pale? Bado uko?” Usianze na “kwa nini ulificha.” Kisha tuma barua yenye jina la kampuni, karatasi unazotaka, na muda usiopungua siku 10. Hati za malipo za siku 30 zilizopita au barua ya mwajiri inatosha. Kama amejitahidi na mwajiri anamzungusha, kanuni zinakutaka umsaidie kuzipata. Mpigie mwajiri wewe.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Malipo ya kila wiki zidisha kwa 4.3, ya kila wiki mbili kwa 2.15. Mfano: analipwa kila wiki mbili, akapata dola 640, kisha 720. Wastani ni 680, mara 2.15 ni 1,462 kwa mwezi. Ondoa punguzo la kipato cha kazi, yaani asilimia 20, zinabaki 1,169.60, kisha endelea na makato mengine, kama ya nyumba na malezi ya watoto.

Hatua ya 6: Toa taarifa, eleza rufaa

Msaada ukipungua katikati ya kipindi, taarifa itangulie angalau siku 10. Mweleze kwa mdomo kwamba ana siku 90 za kuomba kusikilizwa, na kwamba akiomba kabla mabadiliko hayajaanza, msaada unaweza kuendelea kama ulivyokuwa, ingawa akishindwa anaweza kudaiwa tofauti. Kama kosa liko kwenye rekodi ya The Work Number, ana haki ya kuomba nakala yake bure na kuipinga.

Mwisho andika kwenye kumbukumbu za kesi: daftari lililotumika, tarehe ya habari, uliyezungumza naye, alichojibu, na karatasi iliyothibitisha. Atakayeifungua kesi baada yako asimsumbue mama huyo kwa kazi ileile mara ya pili.