Namna ya Kuzipima Hoja za Gesi ya Mwambatope Ukiwa Kando ya Ziwa Victoria

Kabla ya kuunga mkono au kupinga gesi ya mwambatope, anza na mwamba wenyewe. Gesi hii, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, imenaswa ndani ya mwamba uliotokana na matope laini yenye mabaki ya viumbe, yaliyogandamizwa kwa mamilioni ya miaka. Haitoki mpaka mwamba upasuliwe kwa maji, mchanga na kemikali zinazosukumwa kwa nguvu kubwa katika kisima kinachoshuka hadi kilomita kadhaa na kisha kugeuka kwenda ulalo. Mwanza imejengwa juu ya graniti, mwamba uliotokana na uji wa moto na si matope, kwa hiyo anayedai kwamba gesi hiyo imelala chini ya Mabatini au Igogo hastahili muda wako. Hata gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay hutoka katika miamba ya mchanga, si katika mwambatope. Hata hivyo, bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita Kagera na Geita, na anayejua kuuliza maswali kuhusu gesi ataweza kuyauliza kuhusu mradi wowote wa aina hiyo katika bonde la ziwa.

Ukiambiwa kwamba gesi hupunguza hewa ukaa kwa nusu, uliza: badala ya nini? Kwa umeme uleule, gesi hutoa takriban nusu ya hewa ukaa inayotolewa na makaa ya mawe, tena kwa masizi machache zaidi, na ndiyo maana Marekani ilipata nafuu ya kweli pale mitambo ya gesi ilipochukua nafasi ya mitambo ya makaa. Gesi ikichukua nafasi ya umeme wa maji, nafuu hiyo haipo. Uliza pia kiasi cha methani kinachovuja, kwa kuwa katika kipindi cha miaka 20 methani hupasha joto angahewa zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Mama anayepikia mkaa Buhongwa naye asiahidiwe mtungi kwa haraka, maana mtungi hujazwa propani na butani, ambazo si kila kisima cha gesi huzitoa kwa wingi.

Kwenye maji ndiko unapopaswa kukaa zaidi. Kisima kimoja huweza kutumia lita milioni 15, ambazo ni sawa na safari 1,500 za boza la lita 10,000. Katika nchi kame kama Karoo ya Afrika Kusini, kiasi hicho peke yake ni hoja nzito, lakini kando ya ziwa letu naiona kuwa hoja dhaifu. Hatari kubwa zaidi ni maji yanayorudi juu, yakiwa na chumvi nyingi, kemikali zilizotumika na wakati mwingine radiamu, elementi ya asili inayotoa mionzi, kutoka ndani ya mwamba. Ziwa Victoria hupoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa mvuke, na mvuke hauchukui chumvi. Kinachoingia na kuyeyuka humo hubaki muda mrefu kikisubiri mlango mmoja tu wa kutokea, yaani Mto Nile kule Jinja. Kwa hiyo usiridhike na sentensi isemayo kwamba maji machafu yatashughulikiwa ipasavyo. Taka kujua yatahifadhiwa wapi, yatasafishwa na nani, na bwawa likifurika masika yatatiririkia mto gani. Wakisema yatarudishwa ardhini, kumbuka jimbo la Oklahoma, Marekani, ambako utaratibu huo ulihusishwa na matetemeko, likiwamo la kipimo cha 5.8 mwaka 2016.

Kisha ulizia bomba la chuma na saruji inayozunguka kisima. Mipasuko yenyewe kwa kawaida huwa chini sana ya maji tunayokunywa, ila saruji mbovu huipa gesi njia ya kupanda. Huko Dimock, Pennsylvania, methani iliingia katika visima vya maji vya nyumbani, na mamlaka za jimbo zilivinyooshea kidole visima vya gesi vilivyojengwa vibaya. Jambo la kudai hapa ni vipimo vya maji ya visima na mito vilivyochukuliwa kabla ya uchimbaji kuanza, kwani bila hivyo hakuna atakayethibitisha lolote baadaye.

Maswali haya yapeleke katika Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kwa miradi mikubwa. Soma sura ya maji na mpango wa ufuatiliaji kabla ya muhtasari, kisha andika maoni yako kwa kutaja namba ya ukurasa, uyawasilishe NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mwanza, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.