Jinsi ya Kujiwekea Malengo Yanayolingana na Mfuko na Ratiba Yako

Lengo likimshinda mtu, lawama huangukia uvivu. Mara nyingi kosa lilifanyika mapema zaidi, siku lengo lilipoandikwa: lilimfaa mtu mwenye muda na fedha ambazo yeye hana, mtu asiyepigiwa simu za michango ya harusi wala kumaliza jioni yake kwenye foleni ya magari. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu ulicho nacho.

Kwa siku 7 mfululizo, wikendi ikiwemo, andika kila usiku saa zako zilivyokwenda: usingizi, kazi, njiani, shughuli za nyumbani, simu. Muda wa simu usiukisie. Uangalie kwenye mipangilio ya simu yenyewe. Matumizi ya fedha yafuatilie mwezi mzima, kwa sababu kodi, luku na michango havina mzunguko wa wiki.

Tuseme unapokea shilingi 500,000 mkononi. Kodi ya chumba 100,000, chakula 180,000, nauli 60,000, fedha ya wazazi 40,000, umeme, maji na vocha 30,000, michango 45,000. Jumla ni 455,000, zinabaki 45,000. Ukijiwekea lengo la kuweka akiba 100,000 kila mwezi, utakopa kufikia tarehe 20, kisha utajiona huna nidhamu. Lengo linaloshikika hapo ni 30,000, ambayo kwa mwaka ni 360,000, huku 15,000 zikibaki kwa dharura. Itoe siku mshahara unapoingia, uiweke kwenye kibubu au kwenye mchezo wa kijumbe mnayeaminiana. Ikisubiri mwisho wa mwezi haitakuwepo. Na kama una watoto shuleni, usianze Januari. Ada na sare zitaimeza akiba ya kwanza na kukukatisha tamaa, anza Februari.

Sasa chagua lengo, na chagua moja. Mawili ni ya mtu mwenye nafasi. Jiulize: kama hakuna ndugu, jirani wala rafiki atakayejua kwamba nimelitimiza, bado nitalitaka? Jibu likiwa hapana, hilo ni lengo la watu wengine, na hata ukilifikia furaha yake haitadumu. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani Tim Kasser na Richard Ryan walichapisha matokeo yanayoonyesha kuwa watu wanaotanguliza mafanikio ya kifedha mbele ya kila kitu huelekea kuwa na utulivu mdogo wa nafsi. Hilo halimaanishi fedha isiwe lengo. Mwenye deni la duka na kodi iliyochelewa, kulipa deni ndilo lengo la furaha kuliko yote, kwa kuwa litamrudishia usingizi.

Baada ya kuchagua, geuza matokeo kuwa kitendo. “Nipungue kilo 10” haliko mikononi mwako. Mwili una mambo yake. “Nitembee dakika 30 kwa siku 5 za wiki” liko mikononi mwako, na linafikisha dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kama kiwango cha chini cha mazoezi ya wastani kwa mtu mzima kwa wiki. Vivyo hivyo, “niwe karibu na familia” haipimiki, lakini “kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nampigia mama” inapimika.

Kisha kifunge kitendo kwenye jambo ambalo tayari hutokea. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliupa umaarufu mpangilio huu mwaka 1999: likitokea hili, nitafanya lile. “Nikirudi kwa daladala jioni, nashuka vituo viwili kabla ya changu na kutembea.” Hapo huhitaji kujishawishi upya kila siku. Andika pia sentensi ya kikwazo: “Mvua ikinyesha, natembea kesho asubuhi kabla ya kuoga.” Ukikosa sentensi hii, masika yatakushinda.

Kadirio lako la muda nalo usiliamini. Katika utafiti wa Roger Buehler na wenzake wa mwaka 1994, wanafunzi walikadiria kumaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 34. Ziliwachukua kama 55. Ukidhani jambo litachukua miezi 4, jipe 6.

Kila lengo liwe na kiwango cha chini cha siku mbaya: dakika 5 za kutembea, ukurasa mmoja wa kitabu, shilingi 1,000. Hapa ndipo wengi huanguka, kwani wakikosa siku moja huhesabu kazi yote imeharibika. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliona kitendo kipya huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea. Kwa wengine siku 18, kwa wengine makadirio yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mchakato. Kwa hiyo hesabu wiki: siku 4 kati ya 5 ni wiki nzuri.

Kila Jumapili chukua dakika 10 na daftari. Wiki ikipita bila kutimia, tafuta sababu. Mbili zikifuatana, punguza kiwango kwa nusu. Ratiba ikibadilika kabisa, kwa Ramadhani, mtoto mchanga au zamu mpya kazini, hamishia kitendo saa nyingine badala ya kukazana na ile ya zamani. Lengo likikukosesha usingizi au likikugombanisha na watu wa nyumbani kwa mwezi mzima, lifute bila aibu na uchague jingine. Kuongeza kiwango kunasubiri wiki 4 zilizotimia mfululizo, na unaongeza kidogo tu: kutoka dakika 30 hadi 35, au kutoka shilingi 30,000 hadi 33,000.