Kabla ya kulaumu homoni, pima minyoo ya safura

Uchovu usioisha, nywele kukatika, kuhisi baridi wenzako wakitokwa jasho. Mwenye dalili hizi hukimbilia kupima homoni. Sawa, lakini kama una mazoea ya kutembea peku kwenye udongo unaochafuliwa na kinyesi, kipimo cha choo kiende sambamba.

Mnyoo mmoja wa *Ancylostoma duodenale*, aina mojawapo ya minyoo ya safura, humpotezea mtu damu ya mililita 0.15 hadi 0.2 kwa siku. Minyoo 50 kwa siku 28 ni zaidi ya mililita 200, ilhali hedhi huitwa nzito ikizidi 80. Damu huondoka na madini ya chuma, na kimeng'enya kinachotengeneza homoni za tezi ya thairoidi hakifanyi kazi bila chuma. Tezi ikizubaa, mwili huchoma chakula polepole.

Peleka choo kibichi, kisichochanganyika na mkojo wala maji, kwa siku tatu tofauti. Maabara ikitumia Kato-Katz, njia ya kutafuta mayai ya minyoo kwa hadubini, kioo chenye sampuli kisomwe ndani ya dakika 30 hadi 60, kwani gliserini huyafuta mayai ya safura. Hapo ndipo majibu mengi ya "hakuna minyoo" huzaliwa.

Siku hiyohiyo pima himoglobini, feritini (protini inayoonyesha akiba ya chuma) na TSH (homoni inayoichochea tezi ya thairoidi). Feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu wa chuma, ila maambukizi huipandisha kwa uongo. Ukiwa na maambukizi, hesabu chini ya 70 kuwa ni upungufu. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, nayo huweza kupanda bila kisukari, chuma kikipungua.

Tiba ni albendazoli miligramu 400 mara moja. Isitumike miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Rudia choo baada ya wiki mbili hadi tatu, maana dozi moja haiwamalizi wote kila mara. Vinywaji vya "kusafisha mwili" havirudishi chuma. Okoa pesa yako.

Vidonge vya chuma viendelee miezi mitatu hivi baada ya himoglobini kutengemaa. Usivinywe na chai wala kahawa. Anayetumia levothairoksini aviachanishe kwa saa nne, la sivyo dawa ya tezi hainyonywi vizuri. TSH iliyopanda kidogo ipimwe tena chuma kikirejea. Mjamzito asisubiri, amwone daktari mara moja.