Kuongoza kikundi cha wasichana kwa mara ya kwanza: kuanzia fomu hadi mtoto wa mwisho kuchukuliwa

Nimeandika haya baada ya kumsaidia binti mmoja aliyejitolea, akakabidhiwa wasichana wa miaka 8 hadi 12, kisha akaambiwa tu "utaweza." Mengi yametokana na maswali aliyoniuliza. Nachukulia kwamba mahali pa kukutania unapo, siku na saa zinajulikana, na wazazi wana habari.

Hatua ya 1: Pata mtu mzima wa pili

Hili linatangulia kalamu, mipira na kila kitu kingine. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja mahali wasipoonekana, hata kama anaaminika kiasi gani. Tena kuna sababu ya kawaida kabisa: mtoto akijikwaa na kuchubuka goti, mmoja wenu anamsafisha kidonda pale mlangoni, mwingine anabaki na wenzake. Wa pili akikosekana, ahirisha kikao. Usikubali ile ya "leo tu."

Hatua ya 2: Fomu na daftari

Fomu iwe na jina, umri, namba mbili za simu, mzio na dawa, majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na ruhusa ya picha ikiwa na sahihi yake peke yake.

Mahudhurio mimi naandika kwenye daftari. Najua wapo wanaopenda kujaza kwenye simu, lakini daftari halizimiki, na halikuvuti kusoma ujumbe mwingine watoto wakiwa mbele yako. Kundi la WhatsApp liwe la wazazi tu. Usichati na mtoto faragha, hata kwa salamu.

Hatua ya 3: Wagawe katika vikundi vidogo

Hapa ndipo kikao kizima hupotea. Ukiweka wasichana 24 kwenye duara moja, wanne watasema, kadhaa watanong'onezana, waliobaki watakutazama wewe. Girl Guides, chama cha wasichana kinachofanana na Skauti, ambao wamekuwepo tangu 1910, huwagawa wadogo wao sita-sita, na sijaona idadi inayofaa zaidi. Sita wanaweza kuizunguka karatasi moja kubwa na kila mkono ukaifikia. Wakiwa wanane, wawili wanaishia kusimama nyuma.

Usiwaache wajipange wenyewe. Usiteue manahodha wachague mmoja mmoja pia, maana lazima yupo atakayebaki wa mwisho, na wote watakuwa wanamwangalia. Kuhesabu "moja, mbili, tatu, nne" kunaonekana ni haki, ila simama pembeni uangalie: marafiki wanapiga hesabu kabla zamu haijawafikia, mmoja anajifanya anafunga kamba ya kiatu, anapisha mwenzake, na wawili wanaangukia namba moja.

Njia yangu ni kutogawa vikundi vya kudumu siku ya kwanza. Wape michezo ya kuwachanganya, kwa mfano wajipange mstari kwa mwezi na tarehe ya kuzaliwa bila kutoa sauti. Wewe angalia. Nani anamshika mwenzake mkono na hamwachii? Nani anaelekeza kila mtu? Nani anasubiri asukumwe? Ukifika nyumbani, andika kila jina kwenye kipande chake cha karatasi, vitandaze mezani, uvihamishe mpaka uridhike:

- Kila mmoja awe na mtu mmoja anayemfahamu. Wakizidi wawili, wanakuwa kikundi ndani ya kikundi.
- Wasemaji wawili wakubwa watenganishe. Wakimya usiwalundike pamoja.
- Ndugu waende vikundi tofauti, isipokuwa mdogo anapolia. Hapo mpe muda.
- Wakubwa wasambae. Lakini wa miaka 12 akipewa michezo ya wa miaka 8 kila wiki ataacha kuja, kwa hiyo mara mojamoja wape wakubwa shughuli yao.
- Waulize wazazi mapema kama kuna waliogombana shuleni. Watoto wenyewe hawatakuambia.

Kisha shikilia mpango huo kwa vikao vinne. Wataomba kuhama. Sikiliza sababu. "Nataka kukaa na rafiki yangu" inasubiri. "Wananicheka" haisubiri: mhamishe siku hiyohiyo kwa kisingizio cha shughuli, bila kutangaza, halafu zungumza na waliomcheka.

Kiongozi wa kikundi abadilike kila kikao kwa kufuata orodha. Kura sizipendi mwanzoni, kwa sababu zinampa cheo yule ambaye tayari anasikilizwa. Kiongozi huyo mpe kazi ya kweli: kuhesabu wenzake, kugawa vifaa, kuleta maoni yao kwako. Jina la kikundi wachague wenyewe, kwa dakika kumi. Usipoweka kikomo, mjadala wa jina utakula kikao.

Hatua ya 4: Ratiba

Saa moja na nusu inatosha. Mchezo wa kukimbia, kazi kuu, mchezo mtulivu, duara la kuagana. Kuwa na shughuli moja ya akiba: funika vitu kama kumi na tano kwa kitambaa, wavione kwa dakika moja, ufunike tena, kila kikundi kiandike kinavyovikumbuka.

Hatua ya 5: Kuwanyamazisha

Filimbi ibaki nyumbani. Inua mkono, anayeuona anainua wake na kunyamaza. Wafundishe kama mchezo. Usianze kusema hata kama wamebaki wawili wanaoongea.

Hatua ya 6: Jambo zito

Siku moja mtoto atakuambia, "Nikikuambia, usimwambie mtu." Usiahidi. Sema: "Nitakusikiliza. Kama kuna kinachokuumiza, itabidi nimwambie mtu anayeweza kusaidia." Usimhoji. Andika maneno yake kama alivyoyasema, siku hiyohiyo, umpelekee anayehusika na ulinzi wa watoto katika shirika lenu. Mjue mtu huyo kabla ya kikao cha kwanza. Usikimbilie kupiga simu nyumbani. Huenda tatizo liko hukohuko.

Pedi ziwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na wote waonyeshwe zilipo, ili asiwepo wa kulazimika kuomba.

Hatua ya 7: Kuondoka

Tia alama kwa kila anayechukuliwa. Anayechelewa kuchukuliwa, mnabaki naye wote wawili. Akija mtu ambaye hayumo kwenye fomu, hata mtoto akimkimbilia na kumwita mjomba, piga namba iliyo kwenye fomu. Usipige anayokupa yeye.