Somo: Kipimo cha umeme wa neva na misuli mzizi wa neva unapobanwa mgongoni

MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) huonyesha diski, yaani kito laini kati ya pingili za mgongo, iliyotokeza, na watu wengi wasio na maumivu yoyote wanazo. Kipimo hiki hutafuta kitu kingine: je, neva imeumia, na ni mzizi upi, yaani sehemu neva inapotokea kwenye uti wa mgongo?

1. Subiri wakati wake. Misuli ya kando ya uti wa mgongo huanza kuonyesha dalili za neva kuumia baada ya siku 7 hadi 10, ya mguu wiki 2 hadi 3, pengine zaidi. Ukipimwa siku ya 5, majibu yanaweza kutoka safi ilhali neva imeumia.

2. Usipake mafuta wala losheni. Taja dawa za kuzuia damu kuganda na betri ya moyo. Mkono upashwe moto ufike nyuzi 32, mguu 30; ubaridi hupunguza kasi ya neva ukafanana na ugonjwa.

3. Neva za hisia hupimwa kwa mshtuko mdogo juu ya ngozi. Mgonjwa ana ganzi, lakini kwa kawaida neva hizi hutoka nzima, maana seli zake ziko nje ya pale mzizi unapobanwa. Zikiwa dhaifu, fikiria kisukari au neva iliyobanwa mbali zaidi na uti wa mgongo.

4. Sindano inayochomwa kwenye msuli kusoma umeme wake ndiyo kiini. Pima misuli kama 6, ukiwemo wa kando ya uti. Kwa mzizi wa L5 (wa tano wa kiunoni): msuli wa mbele ya muundi, wa nyuma ya muundi unaogeuza wayo ndani, na wa pembeni mwa nyonga. Mzizi wao mmoja, neva zao tatu tofauti. Ukiugua ule wa mbele peke yake, angalia neva inayopita kando ya goti. Kosa baya ni kupima msuli mmoja na kuandika majibu.

Maswali

*Majibu safi, maumivu yako palepale. Sina kitu?*
Huenda unacho. Sindano huona nyuzi za mwendo tu. Mzizi ukibanwa upande wa hisia, haioni.

*Nilipasuliwa mgongo zamani. Kuna shida?*
Mwambie mpimaji. Misuli iliyokatwa hapo inaweza kubaki na dalili miaka mingi, kwa hiyo ategemee zaidi ya mguuni.

*Daktari, miguu imelegea ghafla na mkojo hautoki. Nisubiri wiki 3?*
Usisubiri hata kesho. Nenda hospitali sasa hivi upigwe MRI.