Unataka kuendesha semi? Soma hapa kabla hujalipa ada

Vijana wa huku kwetu, Mbozi, Uyole, Makambako, Mafinga, wamekua wanaangalia malori yakipita barabara ya Tanzam usiku na mchana, kwahiyo sishangai wengi wakimaliza shule wanauliza naanzia wapi na mimi nikakamate semi, yale malori marefu ya kuvuta tela. Jibu wanalopewa ni moja kati ya mawili, nenda VETA au tafuta gari uwe utingo, na hapo hapo ubishi unaanza, wa chuo wanawacheka wa barabarani na wa barabarani wanawacheka wa chuo. Mimi nakwambia uliza hivi: nani atakuachia usukani gari likiwa na mzigo, mlimani, na yeye amekaa pembeni anakurekebisha? Njia yoyote ambayo haina jibu la hilo swali itakupa karatasi, udereva utaenda kuutafuta kwingine.

Leseni tuimalize haraka maana haina mengi. Unaanza na lena, yaani leseni ya muda ya mwanafunzi, unasoma, unapata cheti cha chuo, trafiki wanakupima, TRA wanatoa leseni. Magari makubwa ya mizigo ni daraja E. Daraja D ni magari madogo ya biashara yasiyobeba abiria, C na ndugu zake ni abiria. E huanzi nayo, unapanda kutoka chini, kwahiyo mtu akikwambia "leta hela nikutolee E wiki hii, huna haja ya kuja hata darasani", kimbia. Hiyo kadi siku gari limeua mtu ndo utaulizwa ulisomea wapi na nani alikupima, na aliyekuuzia simu yake haitapatikana.

Haya sasa njia zenyewe.

Kuna vyuo vya serikali. VETA wapo Mbeya na Iringa, VETA Kihonda pale Morogoro inajulikana sana kwa udereva, na NIT ya Mabibo Dar ndo wakubwa wa mambo ya usafirishaji, wana kozi za magari ya abiria na ya mizigo. Uzuri wake ni kwamba unafundishwa vitu ambavyo barabarani hakuna mtu ana muda wa kukueleza, mfumo wa breki za upepo unavyofanya kazi, sheria, ukaguzi wa gari, na cheti chao ukikipeleka kwenye kampuni kinasomwa bila kukunjiwa uso. Ubaya ni gharama za kukaa mbali na nyumbani, halafu kozi nyingi za gari kubwa zinamtaka mtu ambaye tayari ana leseni na ameshaendesha endesha, yaani hapo ni pa kuongezea ujuzi. Ukienda mbichi kabisa utaanzia kozi ya awali ya gari dogo, na hiyo hata hapa hapa unaipata.

Kuna shule binafsi za udereva, zimejaa kila mji. Nyingine nzuri, nyingine ni ofisi yenye meza, mabango ya alama za barabarani na Noah moja. Kabla hujatoa hata shilingi nenda asubuhi, usiseme unakuja, simama pembeni uangalie. Gari moja wanapanda wanafunzi wangapi? Kama ni kumi na kila mmoja anashika usukani dakika chache basi ada yako umelipia kukaa siti ya nyuma. Wakisema wanafundisha gari kubwa, lionyeshwe hilo gari, uone kama linatembea au limeota majani, na kama lina tela. Maana kuna mtu amefundishwa kwenye lori fupi tupu, uwanjani, mbele na nyuma, akija kupewa semi anashangaa kwamba akirudi nyuma na anataka tela liende kushoto inabidi akate usukani kulia. Pulling, yaani lori lenye bodi yake linalovuta tela jingine nyuma, ndo usiseme, ile ina viungo viwili, hesabu inageuka tena.

Halafu mfanyie mwalimu mtihani. Muulize tu kiungwana, "mwalimu, mteremko wa Kitonga unaushukaje ukiwa umepakia?" Mwalimu anayelijua gari atakwambia gia nzito inachaguliwa ukiwa bado juu ya mlima, kabla mteremko haujaanza, maana ukishaingia katikati na spidi imekuzidi kurudisha gia ni bahati nasibu. Atakwambia gari lishikwe na injini na egzosti breki, ile inayobana moshi wa injini kupunguza spidi, mguu unakanyaga kidogo spidi inashuka unaachia, unakanyaga tena unaachia, huwekelei mguu mwanzo mpaka mwisho. Ukiwekelea, ngoma za breki zinapata moto, zinatanuka, lining zinaanza kunuka halafu moshi, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa kwa sababu geji inaonyesha upepo umejaa kabisa na bado gari halisimami. Atakwambia pia usimame kabla ya mteremko ukague breki. Sasa mwalimu akikujibu "we shuka taratibu tu", au mbaya zaidi akakwambia ukiweka frii, yaani gari bila gia, unaokoa mafuta, shukuru aga ondoka. Huku kwetu kuna Kitonga, kuna Inyala, kuna mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi, wenyeji wanajua wamezika watu wangapi kwa sababu ya malori yaliyofeli breki. Sio sehemu ya kwenda kujifunzia ukiwa peke yako.

Njia ya utingo. Wazee wengi walioko barabarani walipita huko na siwezi kuidharau. Unajifunza kusikia gari. Usiku pale Makambako utingo anashuka na chuma chake anazunguka anagonga tairi moja moja, tairi zima linarudisha mlio wa kudunda, lililoisha upepo linatoa sauti nzito ya kufa, na zile za ndani kwenye dabo, tairi mbili zilizopangwa pamoja, huzioni kwa macho, lazima ugonge. Unajifunza kufunga turubai mvua isiingie, kupiga grisi, kuweka vizuizi kwenye tairi, foleni ya Tunduma inakaaje, mzani wa Wenda, wa Makambako, wa Mpemba wanataka nini. Mambo hayo chuoni utayasikia kwa mdomo tu.

Shida ya utingo ni kwamba hatima yako iko mkononi mwa dereva mmoja. Kuna dereva anakuita mdogo wangu miaka mitatu, unafua nguo zake, unapika, na usukani huugusi isipokuwa ukiwa unaosha gari. Na kuna dereva mwingine akisinzia ndo anakumbuka kukupa, usiku, barabara kuu, huna leseni. Hapo kataa hata kama atanuna, maana likitokea la kutokea bima itawageuka, tajiri mwenye gari atawaruka, na kesi ni yako. Kwahiyo ukienda utingo nenda na lena au leseni ya gari dogo tayari mfukoni, na muelewane na dereva mapema, mbele ya tajiri ikiwezekana, kwamba umekuja kujifunza. Mwambie "kaka naomba yadi uwe unaniachia nipaki". Akikubali kupaki yadi, anza hapo, mengine yatafuata. Miezi ikikatika hajakuachia hata kusogeza gari kwenye foleni ya mzani, badili gari.

Sasa mimi nikiulizwa na mdogo wangu wa damu ningemwambia changanya. Soma gari dogo shule nzuri ya hapa hapa, pata leseni, kisha tafuta lori dogo la Canter, halafu Fuso ambalo ni kubwa kidogo. Nyanda za juu kusini kazi za Fuso hazikosekani, viazi vya Uyole na Njombe, mbao za Mafinga, ndizi za Tukuyu, mahindi na kahawa Mbozi. Fuso lina mzigo wa kukufundisha adabu lakini likikosea halina tani 56 nyuma yako, hiyo ndo jumla ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa gari na mzigo wake. Ukiwa unalala nyumbani na una kipato, weka akiba, ukishaiva nenda NIT au VETA kasome kozi ya gari kubwa, panda E. Ni njia ndefu, najua, mwenzako atakuwa ameshapiga picha kwenye Scania. Acha apige.

Kampuni kubwa wengine wana walimu wao ndani, wanakuchukua wanakupanga na dereva mzoefu mpaka akuidhinishe. Nzuri sana hii ila soma unachosaini, kama kuna kukatwa mshahara kwa ajili ya mafunzo, kama ukiondoka mapema unadaiwa, na uliza mileji, hela ya kilomita ulizotembea, na posho zinalipwaje wakati bado uko kwenye kujifunza. Maneno ya mdomo ya afisa wa kuajiri huwezi kuyapeleka popote.

Wakati unasoma tengeneza na karatasi zako za nje, pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana mizigo mingi inayopita hapa inavuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo, au Kasumulu kwenda Malawi, na nafasi ikitokea wanamchukua aliye tayari. Zambia na Malawi utaendelea kushoto kama huku, ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia, lugha haitakusumbua maana Lubumbashi Kiswahili kipo.

Na ukiitwa kwenye majaribio usitegemee watakutoa barabarani kwanza. Sehemu nyingi wanakupa ufunguo, wanakaa kimya, wanaangalia kama unazunguka gari kabla ya kupanda. Gonga tairi, angalia kingipini, ile pini inayounganisha tela na kichwa, imekaa, mabomba ya upepo yameshika, toa maji kwenye matenki ya upepo, washa, subiri upepo ujae. Baada ya hapo ndo watakwambia rudisha tela kwenye ile nafasi, na ukiona haliingii simama, shuka uangalie, panda tena. Hakuna anayekukata maksi kwa kushuka.