Kinga ya moto kichaa kwenye mashamba ya miti: hesabu ya mkulima mdogo

Katika wilaya za Mufindi, Njombe na Makete, mkulima mwenye ekari moja au mbili za misindano hupanda miche kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miche 450 hivi kwa ekari, kisha huisubiri miaka mingi kabla ya kuona fedha. Katika subira hiyo kila kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba au Desemba, moto kichaa unaweza kuingia kutoka kwa anayeandaa shamba la ulezi, anayerina asali au anayewinda ndezi. Shamba lililopandwa mwaka 2026 ili livunwe mwaka 2044 likiungua mwaka 2036, hasara haiishii kwenye gharama ya miche na palizi, kwa sababu miaka 10 ya kukua imepotea pia na ukipanda upya mwaka 2037 mavuno yanasogea hadi 2055. Ndiyo maana shamba lenye umri mkubwa linastahili kinga kubwa zaidi kuliko lililopandwa jana, ingawa wakulima wengi hufanya kinyume: hufyeka kwa bidii miaka miwili ya kwanza, kisha huliacha.

Hata hivyo, kinga nayo ina gharama, na hapo ndipo penye hesabu inayosahauliwa. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi na mzunguko wa mita 254. Ukiizungushia peke yako njia ya moto, yaani ukanda uliofyekwa na kulimwa ili moto usivuke, yenye upana wa mita 10 ndani ya mpaka wako, eneo linalobaki na miti halifiki nusu ya shamba, na hakuna mkulima atakayekubali hilo. Lakini majirani 20 wenye ekari moja moja zilizopakana katika umbo la mraba wana mzunguko wa nje wa mita 1,138 tu, badala ya zaidi ya mita 5,000 kama kila mmoja angejizungushia yake. Kila mmoja anabeba mita 57 za kufyeka na kulima, na njia inachukua asilimia 14 hivi ya ardhi yote. Pale ambapo barabara au mto unapita mpakani, kazi inapungua zaidi.

Ugumu wa mpango huu uko kwenye kugawana, na ni heri usemwe wazi mapema. Mwenye shamba la pembeni ndiye anayetoa ardhi ya njia, huku mwenye shamba la katikati akilindwa bila kupoteza hata mche. Kwa maoni yangu kazi igawanywe kwa idadi ya ekari, na wa pembeni wapunguziwe siku za kazi au wapewe haki ya kulima kwenye njia hiyo. Viazi mviringo vinafaa sana, kwani vikishavunwa kabla ya nyasi kukauka huacha udongo mtupu, na udongo mtupu ndio hasa tunaoutaka.

Ndani ya eneo la pamoja, pogoleeni matawi ya chini na kuyaondoa shambani, maana tawi kavu linalogusa nyasi huupandisha moto hadi kwenye kilele. Kuchoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, kunapunguza vitu vya kuwaka nje ya njia, ila kusifanyike bila ruhusa ya serikali ya kijiji na ushauri wa afisa misitu, kwani Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa mimea.

Moto ukipita, msikate kila kitu kwa hasira. Chaneni gome kidogo kwa kisu karibu na ardhi, pande zote za shina: tabaka la ndani likiwa jeupe na lenye majimaji, mti bado una uhai, likiwa la kahawia kuzunguka shina lote, umekufa. Miti iliyokufa yenye ukubwa wa kuuzika ikatwe haraka, kabla kuvu hawajaingiza rangi ya bluu kwenye mbao na kushusha bei.

Mkutano wa majirani ufanyike kabla ya Mei, wakati nyasi bado mbichi na vibarua hawajabanwa na mavuno, na siku hiyo hiyo mpaka wa nje upimwe kwa kamba.